Kapu la Dokta Gaspard

Bwiza, Bujumbura
Jumatano, mvua ikinyesha

Dada Tausi,

Dokta Zuhura amelikataa kapu. Alisema jana Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kwenye korido ya zahanati, na aliniambia mimi kwa sababu ni mimi niliyelipeleka kwao. "Mzee Rajabu, hii kapu irudi kwa mwenyewe," alisema. Akaliweka kwenye benchi kati ya wagonjwa wawili, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu. Kapu ni la nini na Zuhura ni nani nitakueleza, lakini kwanza nikuamkie.

Shikamoo, dada yangu. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta, na kwamba wodi ya wazazi wamekuongezea zamu. Ya kwanza nimeipenda, ya pili sikuipenda. Mimi ni mzima. Nilikohoa wiki mbili mvua zilipoanza, kikohozi kikaondoka chenyewe. Nyumba bado ni ile ile, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na mwenye nyumba bado ananiita Mtanzania kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi.

Ulisema simu ni ya misiba na ya kuulizana nani amefika salama, habari ndefu mtu azikalie. Basi nimezikalia.

Mji umekuwa kimya miezi hii. Mafuta ni ya kuvizia, mabasi madogo yanapita moja moja, watu wanatembea. Asubuhi natoka Bwiza kwa miguu nashuka upande wa bandari, na njiani nasikia vitu ambavyo zamani sikuvisikia: ufagio, redio ya mtu ndani ya ua, viatu vya watu wengi wanaokwenda kazini bila kusema. Ukungu unakuwa umelala juu ya ziwa. Milima ya Kongo haipo. Kwenye saa tatu inaanza kuonekana, kwanza mgongo, kisha mabega, kama mtu anayeamka bila haraka. Kuna siku haiji kabisa, na hakuna anayeiulizia.

Uliuliza mtu wa magazeti anafanya nini kwa madaktari. Ni hivi. Wapo madaktari tisa waliojiunga kikundi. Wana jengo moja la ghorofa kwenye njia ya kushukia bandarini, na vifaa vyao ni vya pamoja. Kila Alhamisi saa sita mchana wanafunga milango, wanapanda juu kwenye chumba chenye dirisha la ziwa. Wanakiita kikao cha malezi. Kila daktari ana mlezi wake, daktari mwingine wa kikundi hicho hicho, anayemfuata kazini, anayemuuliza, anayemwonyesha asichokijua. Kwenye kikao mmoja anakalia kiti cha karibu na mlango na kueleza habari ya mgonjwa aliyemsumbua, wengine wanauliza. Asipoulizwa swali hata moja, haihesabiwi kwamba amefundishwa. Mimi naandika muhtasari. Waliniajiri baada ya kuonekana kwamba kila daktari anakumbuka alichoshauri na hakuna anayekumbuka alichoshauriwa.

Sasa Dokta Gaspard. Ana miaka sitini na saba, ndiye mkubwa kuliko wote, mjane, mtu wa kanisani. Nusu ya wenzake walikuwa wanafunzi wake chuo kikuu. Amelea wengine miaka yote, mwenyewe hana mlezi. Kiti chake ni cha dirishani na anazungumza wa mwisho. Akimpima mtu, analaza kidole kifuani na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, amefumba macho, kama mtu anayebisha kwenye nyumba na anajua wenyewe wako chumba gani. Nimeona wagonjwa wakishusha pumzi kwa kuguswa tu na mikono hiyo.

Miezi michache iliyopita alikuja kwake mama mmoja muuza vitenge, anapumua kwa shida. Gaspard akamgonga, akamsikiliza, akaandika pumu. Akamtibu pumu wiki sita. Wiki ya saba Gaspard alikwenda mazishini Gitega, na yule mama akaangukia chumba cha pili, cha Dokta Zuhura.

Zuhura ndiye anayetumia ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili bila kupasua. Wewe unaijua ya watoto tumboni, yeye anasoma ya moyo. Siku hiyo sikuwepo. Picha niliziona baadaye, kwa ruhusa. Chumba chake kina pazia zito, ukiingia unasimama kwanza mpaka macho yazoee. Kwenye kioo kuna kitu cha kijivu kinachojikunja na kujikunjua kama ngumi ya mtu aliyelala. Huo ndio moyo. Kuuzunguka kulikuwa na weusi.

"Mu hizi picha, nyeusi ni maji," Zuhura aliniambia. "Moyo wake ulikuwa unaogelea, Mzee. Unazama pole pole, na yeye anauza vitenge."

Nilitazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Picha ile inavuta usingizi. Mtu anasahau kwamba ni ya mtu.

Walimkimbiza hospitali kubwa ya Kamenge siku hiyo hiyo, maji yakatolewa, akapona. Yuko sokoni. Kwenye kikundi wote tisa walijua, na Alhamisi tatu zikapita hakuna aliyelitaja. Muhtasari wangu wa Alhamisi hizo unahusu malaria. Kisha Dokta Odette, mwenyekiti, akatangaza kanuni: kufikia Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu kila daktari, wa umri wowote, awe na mlezi na aanze kujifunza ekografi. Asiye na mlezi jina lake litatoka kwenye orodha ya zamu. Nilimuuliza Odette kama kanuni ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema hapana, akatazama dirishani.

Anayefundisha ekografi ni Zuhura peke yake. Kwa hiyo Gaspard alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, na aliubisha kwa namna aliyoijua.

Kwa Warundi wa umri wake jambo kubwa haliombwi mikono mitupu, wala haliombwi kwa mdomo wa mwenye shida. Unatuma msemaji. Anakwenda na kinywaji, wanakunywa, wanazungumza mvua na ng'ombe, na shida inatajwa mwisho kabisa, wenyeji wakiwa wameshaikisia. Kinywaji chenyewe kwa desturi ni pombe. Zuhura ni Mwislamu, binti wa Mzee Shabani, fundi magari wa Buyenzi. Gaspard alilifikiria hilo, hakuna anayeweza kusema hakulifikiria. Akatafuta maji ya marakuja, sisi tunayaita pasheni, na asali, akavipanga kwenye kapu la kusukwa lenye mfuniko, akalifunika kitambaa cheupe. Akamwomba kaka yake, Mzee Ferdinand, mstaafu wa wizara, aongoze safari. Akaniomba mimi niwe msemaji.

"We ni Mwislamu kama baba yake," alisema. "Mutasikilizana."

Yeye alibaki nyumbani, maana mwenye shida haendi.

Jumamosi saa tisa alasiri tulifika Buyenzi: wanaume wawili wenye makoti, na nyuma yetu dada yake Ferdinand akiwa na kapu la kitambaa cheupe kichwani. Dada, najua wewe umeshaona nilichokuwa sijakiona.

Mzee Shabani alitoka chini ya gari akajifuta mikono. Akatazama makoti. Akatazama kapu. "Mama Zuhura," aliita, "kuna wageni. Wageni wa kukaa." Viti vikatolewa. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja aliyekuwa anashona akasimamisha cherehani.

Mzee Ferdinand alizungumza dakika ishirini juu ya mvua na ng'ombe wa baba yake. Mzee Shabani alisikiliza vizuri, akiitikia mahali pa kuitikia. Marakuja yakanywewa. Nilikuwa nangoja zamu yangu, lakini yeye akaanza.

"Bwana mwenyewe ana miaka ngapi?"

"Sitini na saba," Ferdinand akajibu.

Mama Zuhura akaweka birika chini.

"Ana watoto?"

"Watano. Wote wakubwa, mumoja iko Ulaya."

"Na bibi yake?"

"Marehemu. Mwaka wa ine huu."

"Mungu amurehemu. Na dini?"

"Mukatoliki. Sisi wote, tangu babu."

Mzee Shabani akamtazama mkewe. "Basi hapo kuna kazi," alisema.

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote, na kwa kawaida najua swali linaelekea wapi. Safari hii nilichelewa kwa maswali manne. Nikasema, kwa haraka iliyozidi adabu, kwamba tumetumwa na Dokta Gaspard kumwomba Dokta Zuhura awe mlezi wake kazini, amfundishe mashine ya picha. Nilipomaliza, mwanamke wa cherehani alikuwa ameshapiga kigelegele kimoja, kirefu, na nyumba ya tatu walikuwa wamekiitikia.

"Kufundishwa," alisema Mzee Shabani.

"Ndiyo, Mzee."

"Mutu anataka kufundishwa, anatuma makoti mbili na kapu."

"Ndiyo."

"Mi nafundisha watu mu garaji tangu Zuhura hajazaliwa. Mutu anakuja, anasema, Fundi, hii giaboksi siijui. Namuambia, ingia chini." Akajifuta tena mikono. "Na mi nilikuwa nimeanza kukubali."

"We ulikubali," alisema mkewe. "Mi bado."

Walitusindikiza kwa heshima mpaka barabarani, na hilo likazidisha mambo, kwa sababu wageni wanaosindikizwa hivyo wamekubaliwa. Zuhura alikuwa zamu. Kabla ya magharibi watu watano walikuwa wamempigia simu kumpongeza. Hiyo idadi ni yake mwenyewe.

Ndipo jana akanisimamisha kwenye korido.

"Mi sina hasira na we, Mzee Rajabu. We ulitumwa. Lakini tangu Jumamosi siwezi kupita mu barabara yetu. Muuza ndizi ananiuliza kama nitabatizwa."

"Na kumfundisha?"

"Ningekubali siku ya kwanza. Ananikuta hapa kila asubuhi. Ananiuliza baba hajambo, mama hajambo, mutoto wangu umelala vizuri. Aseme tu: Zuhura, hii kitu siijui, unionyeshe. Aseme Alhamisi, mbele ya wote, kwa mudomo wake. Bila hiyo, apana."

Alhamisi ni kesho. Ndiyo ya mwisho ya mwezi.

Mvua imekatika. Naacha hapa, nimpelekee kapu lake.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Nimerudi. Gaspard anakaa mlimani, na kutoka kwenye baraza yake mji wote unaonekana hadi majini. Mabati yalikuwa yanatoa moshi wa mvua. Nilimkuta amekaa, viatu amevua, ameviweka sambamba pembeni ya kiti.

"Amekataa," nilisema.

"Amekukatalia we."

"Mimi?"

"Ndiyo sababu mutu anatuma musemaji. Akinyimwa, aliyenyimwa ni musemaji. Mwenye shida anabaki muzima kwake." Akalipokea kapu kwa mikono miwili. "Nakushukuru, Rajabu."

Nikamweleza sharti la Zuhura, neno kwa neno. Akatazama ziwa. Mawingu yalikuwa yanavuka ziwa kutoka upande wa Kongo na vivuli vyake, na kati ya kivuli na kivuli kulikuwa na kipande cha nuru, ukubwa wa shamba moja hivi, kinachosafiri juu ya maji peke yake. Tulikitazama wote wawili. Kilikwenda mpaka kwenye winchi za bandari kikazimika. Kikaja kingine. Sijui tulikaa muda gani, sikutazama saa, na si kawaida yangu.

"Kama jina langu linatoka mu zamu," alisema mwishowe, "mi nitakula, nitalala. Watoto wananitunza. Lakini huku mulimani kuna wazee hawajapimwa na mutu mwingine maisha yao yote. Hawatakwenda kwa mwingine. Watakaa na ugonjwa wao ndani, wataningojea."

"Basi kesho umwombe."

"Nimefundisha madarasa mengi. Hakuna darasa moja nilifundishwa kuomba." Akageuza mikono yake, akaitazama viganja. "Niandikie maneno. We unajua kuandika."

"Mimi naandika kilichosemwa, Dokta. Kabla hakijasemwa sina kazi."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa hivyo hivyo, na kipande kingine cha nuru kilikuwa kinakuja.

Ijumaa, asubuhi

Jana sikuandika. Nimelala, nimeamka, nimesoma tena muhtasari wangu, na sasa naweza kukueleza lilivyokuwa.

Saa sita kasoro dakika tano madaktari wanane walikuwa wamekaa. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mvua za usiku zilikuwa zimeosha hewa, milima ya Kongo ilionekana yote, na karibu mno, kana kwamba kuna mtu ameisogeza tulipokuwa tunapanda ngazi. Gaspard aliingia saa sita kamili. Akafika mpaka kwenye kiti chake, akaweka mkono kwenye egemeo, kisha akarudi akakaa kile cha karibu na mlango. Daktari aliyekuwa zamu yake kueleza alikuwa na karatasi mkononi. Akazikunja.

"Nina mugonjwa," Gaspard alisema.

Nikaandika saa.

"Mama muuza vitenge. Nilimusikiliza mara ine. Mara zote moyo ulikuwa mbali. Munajua mbali, nimewafundisha mi mwenyewe: unausikia kama mutu anaongea mu nyumba ya jirani. Niliandika pumu. Mutu akisikia moyo uko mbali, anajiuliza kuna nini katikati. Mi sikujiuliza. Wiki sita sikujiuliza." Akaegemea kiti. "Ni hiyo."

Baada ya maelezo huja maswali, na bila swali haihesabiwi. Nikangoja na kalamu. Hakuna aliyeuliza. Mkubwa akishajishusha mbele yako, huku watu wanainamisha macho mpaka ainuke mwenyewe, ndiyo heshima. Odette alikuwa anatazama kalamu yake. Mwingine alikuwa anatazama viatu. Bandarini chombo cha mizigo kilipiga honi, sauti ikapita chumbani polepole, ikatoka. Kwa saa ya ukutani ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini. Niliona Gaspard akitazama nyuso moja moja, na nikaona ameelewa kwamba heshima ile ile ndiyo itakayomtoa kwenye zamu.

"Chumba changu na chako vinatengana na ukuta mumoja," alisema Zuhura. "Kwa nini haukuniita?"

Gaspard akamgeukia.

"Nilijua utaona," alisema.

Odette akaweka kalamu chini.

"Rudia, Dokta, tusikie," Odette alisema, si kwa ukali.

"Nilijua ataona. Ndiyo sababu sikumuita." Akainuka, akageuza kiti chake mpaka kikamwelekea Zuhura, akakaa tena. Siku zote anamwita mutoto wangu. Safari hii hakumwita hivyo. "Dokta Zuhura, kusoma hizi picha sijui. Nakuomba unifundishe."

Zuhura alimtazama usoni. Nilidhani atatabasamu, hakutabasamu.

"Yule mama anarudi Jumanne kwa kontroli, kupimwa tena," alisema. "Utashika mashine we mwenyewe. Mi nitakaa nyuma."

"Sawa."

"Anafikiri alikuwa na pumu kweli, halafu ikageuka. Hakuna mutu alimuambia. Kabla ya kuwasha mashine, utamuambia."

"Nimuambie nini?"

"Hiyo umetuambia sisi."

Gaspard akaweka mikono juu ya magoti. Nimewahi kuona wakubwa wa serikali wakiombwa mambo mepesi kuliko hilo wakaondoka chumbani, na nilikuwa tayari kuandika kwamba ameondoka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kwenye dirisha nyuma yake kiti kilikuwa bado kitupu na ziwa limetulia kama kitu kilichomwagwa kikaganda.

"Anakuja na nani?" aliuliza.

"Na binti yake mukubwa. Ule anauliza maswali."

"Anauliza sana?"

"Kuliko Mzee Rajabu."

Watu wawili walicheka, na Gaspard mwenyewe akasogea kucheka lakini hakufika.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu asubuhi."

"Basi mi nitafika saa moja," alisema.

Odette akafungua orodha ya zamu ya mwezi ujao. Akaandika jina la Gaspard, nikaona kwamba ameandika kwa penseli. Gaspard pia aliona. "Mpaka Jumanne jioni," Odette alimwambia. "Zuhura ataniambia kama umesema, na mi nitapitisha wino." Hakuna aliyebisha. Kikao kikaendelea na daktari mwenye karatasi zilizokunjwa, na mgonjwa wake alikuwa mtoto mwenye kifafa, na aliulizwa maswali kumi na moja.

Nilishuka ngazi na Zuhura. Nikamuuliza kama hilo la kumwambia yule mama alilipanga tangu mwanzo. Akasema hapana, lilimjia pale pale, aliposikia jibu la swali lake la ukuta. "Kama angeniomba mu korido," alisema, "ningemufundisha mashine tu." Kisha akanisihi nisilizungushe Buyenzi, wamechoka na habari zake. Nikamwambia namwandikia dada yangu Kigoma tu.

Leo asubuhi Gaspard alinipigia simu. Hakusalimia kwa muda mrefu kama kawaida yake. Aliuliza kama najua jina la yule binti mkubwa. Nilikuwa silijui. Akasema atalitafuta kwenye faili, si vizuri kumwambia mtu jambo kama hilo na hujui jina la aliyekaa pembeni yake.

Sasa salamu. Msalimie shemeji na umwambie nimepata ile dawa ya kuua mchwa, nitaituma na mtu, si na mzigo. Msalimie binti yako mkubwa, mwalimu, na mume wake. Yule mdogo aliyeanza uuguzi mwambie barua yake nilipokea na jibu linakuja. Shangazi wa Ujiji, anayeuliza kila mwaka kama nimeoa, mwambie nilikwenda kwenye posa na nilivaa koti. Majirani wa msikitini wote, na yule mzee anayekuletea mkaa.

Barua inaondoka kesho na chombo cha mizigo cha Kigoma. Wakala wa forodha ninayemfahamu amekubali kuibeba mfukoni. Ziwa likikubali, utaisoma Jumatatu. Kesho yake, saa moja na nusu kwetu, itakuwa saa mbili na nusu kwenu, na wewe utakuwa wodini. Nitakuwa kwenye benchi la korido, nje ya mlango. Gaspard ndiye aliyeniomba nikae pale, bila daftari, na nimekubali. Ndani pazia litakuwa limefungwa, mashine haijawashwa.

Mdogo wako,
Rajabu